Mshono wa Ubavuni

Fundi viti wa mtaa ule aliitwa Katani, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja kwa sababu ya uzi wake. Ukimpelekea kiti cha gari, alikishona kwa uzi mnene wa nailoni, mshono juu ya mshono, halafu akakuita uje uvute. Vuta, anakwambia, vuta kwa nguvu zako zote, ukishindwa kawalete na shemeji zako. Watu walivuta, wakashindwa, wakaenda kusimulia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katani alikwenda kinyume: kila alivyosifiwa ndivyo alivyozidisha uzi.

Basi siku tunayoizungumzia, Katani alikuwa ameinama kwenye mlango wa gari dogo la rangi ya maziwa, ameshika nyundo, na gari lenyewe lilikuwa la binti yake wa mwisho. Binti huyo alirithi jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo Katani, tangu siku aliyompakata akiwa mchanga, hajawahi kumwita kitu kingine ila "mama". Mama huyu mdogo alikuwa amehitimu uuguzi, amepata kazi kwenye kituo cha afya cha mbali, huko ambako barabara ni ya malori na malori hayana adabu. Angeondoka mchana uleule. Baba mtu hakuwa na zawadi ya kumpa zaidi ya kile anachokijua. Niachie gari asubuhi, alimwambia, ukirudi kulichukua utadhani limetoka kiwandani leo.

Kava la zamani la kiti cha dereva lilikuwa limepauka na kuchakaa. Katani alikuwa amelifungua nusu, akaona ubavuni mwa egemeo, upande wa mlango, kuna chuma cha fremu kimepinda kidogo. Karibu na chuma hicho kulikuwa na kitu kigumu, kirefu kama kasha la miwani. Vitu hivyo alishavipapasa kwenye viti vingi na hakuwahi kuvijali. Yeye kazi yake nguo ya nje, ya ndani mwachie mwenye kiwanda. Akainua nyundo anyooshe fremu.

"Baba! Weka nyundo chini!"

Aliyepiga kelele ni Cheche, fundi umeme wa magari, ambaye kibanda chake kilitazamana na cha Katani. Alikuwa mwanamke mtulivu, mtu wa kuongea na nyaya kuliko watu, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Katani akaiweka nyundo chini taratibu.

"Kuna nini, binti? Nyoka?"

"Afadhali nyoka. Hiyo ni eabegi."

"Ni nini?"

"Mfuko wa hewa. Umekunjwa humo ndani. Gari likigongwa ubavuni, unafumuka, unakaa kati ya dereva na mlango, ili mbavu zisivunjike."

"Unafumuka kwa nini? Kwa upepo?"

"Kwa baruti."

Katani akarudi nyuma hatua moja, akamgonga mchomeleaji wa jirani, ambaye alikuwa ameshafika kusikiliza. Mchomeleaji yule, akisikia neno lolote la hatari, lazima aende kuliona kwa macho.

"Baruti kwenye kiti?" Katani akauliza. "Ninapokaa? Sasa hiki ni mto au ni bomu?"

"Ni mto, baba. Ila unatoka kama bomu."

Hapo ndipo kichwa cha Katani kilipoanza kumzunguka. Alikuwa mtu wa vitu vinavyojulikana. Sponji ni sponji, ngozi ni ngozi. Mto unaotoka kama bomu hakujua auweke kwenye rafu gani ya akili yake.

Cheche akamwambia kazi itaendelea, lakini kwa utaratibu, na kwanza mfuko utolewe. Akazima gari, akatoa ufunguo akautia mfukoni mwake mwenyewe. Akafungua waya wa hasi wa betri, akausukuma mbali na betri na kuufunga kitambaa. Katani akashika spana.

"Bado," Cheche akasema. "Tunasubiri."

"Tunasubiri nani?"

"Umeme. Kuna umeme wa akiba umebaki ndani. Unahitaji muda wa kuisha."

"Betri si umeshaifungua?"

"Nimeifungua."

"Na gari si limezimwa?"

"Limezimwa."

"Sasa huo umeme unakula wapi?"

Cheche akacheka, lakini hakuruhusu mtu aguse kitu. Wakakaa kwenye benchi kama watu wanaongoja matokeo ya hospitali. Mchomeleaji akatumia muda ule kutoa ushauri, maana ushauri kwake haukauki. Alisema kitu hicho kitupwe. Kiti cha marehemu baba yake hakikuwa na bomu lolote, na mzee alifia kitandani kwake akiwa na mbavu zake zote.

Muda ulipotosha, Cheche akamwambia Katani ashike chuma kitupu cha mlango kwanza.

"Kwa nini?"

"Mwili wako nao una umeme. Uache hapo kabla hujagusa plagi."

Katani akaitazama mikono yake. Miaka yote hiyo amekula nayo, ameoga nayo, amelea watoto nayo, na hakuna aliyemwambia. Akashika mlango, akaona aibu kidogo bila kujua anamwonea aibu nani.

Plagi ilikuwa ya rangi ya njano, chini ya kiti. Cheche aliichomoa mwenyewe, na alipoona mchomeleaji anamnyooshea kipima umeme, alimtazama mpaka akakirudisha mfukoni. "Hiki hakipimwi," akasema. "Kipimo chenyewe kina umeme." Kisha wakakitoa kiti kizima nje, Katani akafungua nati, na kile kikasha kikatoka kwenye fremu yake kama jino. Cheche alikibeba akiwa amekielekeza mbali na kifua chake, mbali na watu, akakilaza peke yake kwenye meza ya pembeni, upande wa kufumukia ukitazama juu. Akasema waziwazi: mtu asikiguse, asiweke kitu juu yake, asikisogeze karibu na moto. Maneno hayo ya mwisho aliyasema huku akimtazama mchomeleaji.

Katani akabaki na kiti. Fremu aliinyoosha, akaingia kwenye kazi anayoiweza, na roho ikatulia. Makava mengine huyachana tu kwa wembe, lakini hili la mwanawe alilifumua vipande vipande ili apate vipimo, na hapo akakutana na jambo jingine. Mishono yote ya kiwanda ilikuwa mizuri, imara, kazi ya watu wanaojiheshimu. Lakini ubavuni, upande wa mlango, pale palipokuwa na kikasha, uzi ulibadilika. Ukawa mwembamba kama wa kushonea vifungo vya shati. Mbele ya hapo uzi mnene, nyuma ya hapo uzi mnene, katikati urefu wa shubiri uzi wa kitoto. Aliuvuta kwa vidole viwili ukakatika.

"Ona wizi huu," akamwambia mchomeleaji. "Kiwanda kizima, na majengo yake, na makarani wake, kinabana uzi wa shubiri moja!"

"Wamezoea," mchomeleaji akasema. Hakufafanua wamezoea nini.

Katani alicheka peke yake akiwa kwenye cherehani. Alimshonea binti yake kava la bluu iliyoiva, lenye ukingo mweupe, na alipofika kwenye ule ubavu wa wizi, aliupitisha uzi wake mnene mara mbili, akaurudia mara ya tatu kwa mapenzi. Lilikuwa kava zuri. Hata Cheche, ambaye hajui kusifia kitu kisicho na waya, alivuka barabara akalishika. Akaliinua kwenye mwanga, akasema limetulia.

Sasa likabaki kulivisha. Na kabla ya kulivisha, kile kikasha kirudi au kisirudi?

Katani alikaa kwenye kigoda, macho yake yakienda kwenye kiti, yakienda kwenye meza ya pembeni. Akikirudisha, amemwekea mwanawe baruti kwenye ubavu wa kulia, na mwanawe ataendesha njia nzima akiwa ameiegemea. Asipokirudisha, amemnyang'anya kitu ambacho watu wa kiwanda walidhani anakihitaji. Akamtamani mtu wa kumwambia. Simu ikalia, alikuwa mkewe.

"Umemaliza? Mtoto anafunga mizigo."

"Mama nanihii, kuna kitu kimetoka kwenye kiti. Ni mto, ila ni bomu."

Mkewe akauliza, "Umekula leo?"

"Nimekula. Nakuuliza hivi, nikirudishe au nisikirudishe?"

"Kama ni bomu kitoe, kama ni mto kirudishe. Na usimcheleweshe mtoto." Akakata simu.

Katani akamfuata Cheche kibandani kwake. Alimkuta amelala chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Akazungumza na ile miguu.

"Binti, nikikiacha hiki kitu nje, kuna ubaya gani?"

"Taa itawaka kwenye dashibodi," miguu ikajibu. "Taa nyekundu. Na akigongwa ubavuni, hana kinga."

"Taa si inazimika?"

"Kuna kidude cha kuidanganya taa. Mafundi wengine wanafunga. Mimi sifungi."

"Wewe ungekuwa na mtoto, ungemkalisha kwenye baruti?"

Cheche akatoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Ninao, baba. Na ninamkalisha."

Jibu hilo halikumsaidia Katani, likamwongezea tu. Akasema kwa sauti ambayo ilikuwa karibu na hasira, "Mimi siwezi kumfungia mwanangu kitu ambacho sikijui. Ninyi mnasema kinatoka, kinatoka. Nani amekiona kikitoka? Nionyeshe!"

Ikawa bahati, au tuseme ikawa hivyo tu. Nyuma ya karakana ya mchomeleaji palikuwa na mkweche wa mwenye bucha, gari lililogonga ukuta kwa mbele likafa, mwenyewe akatoka akitembea. Mchomeleaji alikuwa alikate liuzwe chuma chakavu, na Cheche alishamkataza kuligusa kwa moto mpaka mifuko ya ubavuni ifumuliwe kwanza. Alipanga kuifumua wiki hiyohiyo. Akamtazama Katani, akaona uso ule, akasema haya, twende.

Viti vya gari hilo alivishona Katani mwenyewe. Vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee, mishono imekaa vilevile, kama vile ajali ilitokea kwenye gari jingine. Katani alipita akakipapasa cha dereva kama mtu anayesalimia mtoto wa ndugu.

Cheche aliunganisha nyaya zake ndefu, akazivuta mpaka nyuma ya ukuta. Akawafukuza watu wote wakae naye huko. Wenye maduka walikuja, wapita njia walisimama, kila mmoja akauliza kuna nini na kila mmoja akajibiwa tofauti. Milango ya gari ilikuwa imefungwa, vioo vimeshavunjika zamani. Cheche akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema zibeni masikio.

Mlio ule haukuwa mrefu. Ulikuwa pigo moja, kavu, na gari zima likaruka pale lilipo, na vumbi la ndani likatoka kwenye madirisha yote kwa pamoja. Mbwa wote wa mtaa wakaanza. Katani alijikuta amechuchumaa, na hakukumbuka kuchuchumaa.

Cheche akawazuia mpaka vumbi litulie, kisha akafungua mlango wa dereva. Mchomeleaji akachungulia wa kwanza, na kelele aliyopiga ikasikika mpaka barabara kuu.

"Uzi haujakatika! Njooni muone! Bomu limelipuka ndani, uzi wa Katani haujakatika hata mmoja!"

Watu wakasukumana. Wakaona, na kweli haukukatika. Wakampigia makofi. Mtu mmoja akamwinua Katani mkono juu kama bondia. Mwenye duka la simu akasema kesho analeta viti vyake vyote. Mchomeleaji akarudia hadithi kwa waliochelewa, na katika kuirudia bomu likawa kubwa zaidi. Katani alitabasamu, maana mtu akipigiwa makofi mdomo hutabasamu wenyewe, akasogea naye atazame kazi yake.

Kiti kilikuwa kimevimba. Mshono wa ubavuni ulikuwa umekaza, uzi mnene umetanda safi. Lakini katikati ya egemeo, pale mgongo wa mtu unapokaa, sponji ilikuwa imepasuka kwa ndani na kupandiana, na kitu kizito kilikuwa kimejisukuma mbele mpaka plastiki ngumu ya ndani imemeguka, na ncha yake imetoboa kava kwa katikati. Ilitazama pale ambapo ungekuwa uti wa mgongo.

Katani hakuelewa. Aliangalia kwa muda, watu wakiendelea kucheka nyuma yake.

"Cheche," akaita. "Mfuko uko wapi?"

"Uko humohumo ndani." Sauti ya Cheche nayo ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameinama pembeni yake. "Haujatoka. Sijawahi kuona hivi. Mimi huwa naifumua kwenye viti vya kiwandani, inatoka vizuri."

"Ulitakiwa utokee wapi?"

Cheche akanyoosha kidole kwenye mshono. "Hapa. Ubavuni."

"Hapa panapokatika," Katani akasema.

"Hapa palipotakiwa kukatika."

Hapo ndipo Katani alipoiona shubiri ile ya uzi mwembamba, na watu wa kiwanda na makarani wao, na akajiona yeye mwenyewe akiwacheka kwenye cherehani. Hawakubana uzi. Walimwachia mto mlango wa kutokea. Cheche anajua nyaya na hajui nyuzi, yeye anajua nyuzi na hajui nyaya, na kati yao wawili walikuwa karibu wamfungie mtoto wa watu baruti mgongoni, wamfunge vizuri, kwa mapenzi, mara tatu. Akayakumbuka magari yote aliyoyashonea viti. Hakuyahesabu, hayakuhesabika. Barabarani pale yalikuwa yanapita, na ndani yake alijua kiti cha nani ni kipi.

"Fundi, vuta tukupige picha!" mtu akamwambia. "Vuta uzi!"

"Nendeni nyumbani," Katani akasema, lakini kwa sauti ndogo mno, na hakuna aliyekwenda.

Binti yake alimkuta kwenye kibanda, kiti kimeshikwa katikati ya magoti, kava la bluu limelala mapajani, na wembe mkononi. Alikuwa anafumua. Uzi wake mwenyewe ulimsumbua kama ulivyowasumbua watu wote. Ulimkata vidole viwili kabla haujakubali. Binti alikuwa amevaa nguo za safari, begi begani, na njiani alikuwa ameshasimuliwa kila kitu na mchomeleaji.

"Baba, wanasema uzi wako umeshinda bomu!"

"Wanasema."

"Mbona unafumua? Nitachelewa, malori yakianza kutoka sitaweza kupita."

"Chelewa, mama."

Alifumua ubavu wote. Cheche akaja, akashika chuma cha mlango bila kuambiwa, wakakirudisha kikasha kwenye fremu yake, nati kwa nati, kiti garini, plagi ya njano kwenye nafasi yake, na waya wa betri ukawa wa mwisho kabisa. Walipowasha gari, taa nyekundu ikawaka kidogo, ikafikiri, ikazimika. Kisha Katani akalivisha kava, akalivuta, akalifunga juu, chini na nyuma. Ubavuni hakufunga. Palibaki wazi kama mdomo, sponji ya manjano inaonekana, na ukingo mweupe umening'inia pande zote mbili.

Mchomeleaji alisimama barabarani, mikono kiunoni, akiutazama ubavu ule ulioachwa wazi. Mwenye duka la simu alicheka, akasema Katani kazeeka leo.

Binti akaingia, akakaa, akasogeza kiti mbele. Mkono wake ulipopapasa pembeni kutafuta mkanda, ukaingia kwenye tundu.

"Baba," akasema kwa upole, asimwaibishe mbele za watu, "umesahau kushona hapa."

Katani aliinama dirishani. Alitaka kumweleza yote, nyaya na nyuzi, na jinsi alivyokuwa amempenda vibaya asubuhi nzima. Badala yake akamvutia mkanda yeye mwenyewe, akaufunga, akausikia ukiitika.

"Sijasahau," akasema. "Usimruhusu mtu yeyote apashone. Hata mimi."